Skrini ya gari si sinema ya shofere

Katika garaji za Bukavu, Goma, Bunia, Kisangani na Lubumbashi, mafundi wanaijua vizuri kazi hii: kutoa redio iliyokuja na gari kutoka Japani, na mahali pake kuweka skrini inayoungana na simu. Mwenye gari anataka kupiga simu bila kuishika mkononi, kuona njia kwenye ramani, kusikiliza muziki na habari, na kuona nyuma wakati wa kurudisha gari. Hayo yote ni mahitaji ya haki, na hakuna sababu ya kumcheka mtu anayeyatafuta.

Shida haiko kwenye skrini. Iko kwenye waya mmoja mdogo ambao baadhi ya mafundi huunganisha mahali pasipofaa, mara nyingi kwa sababu mwenye gari mwenyewe ameomba, ili video iendelee kucheza wakati gari linatembea. Waya huo lazima uzungumzwe waziwazi. Abiria anayepanda gari hauoni, na kwenye barabara hakuna anayeukagua.

Redio isiyosikia Congo

Kwanza ni vizuri kuelewa kwa nini watu wanabadilisha redio. Sehemu kubwa ya magari ya okazio yanayotembea mashariki mwa nchi, Toyota Ist, Vitz, Noah, RAV4, Hiace na mengine, yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Yanaingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kwa upande wa Katanga kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Yanafika na redio zake za kule.

Nchini Japani, FM ilipangwa kati ya 76 na 90 MHz, na miaka ya karibuni ikaongezwa hadi 95. Nchini Congo, kama katika sehemu kubwa ya dunia, FM inaanzia 87,5 na kufika 108. Maana yake ni rahisi: redio ya gari la Japani inasikia kipande kidogo tu cha mawimbi ya Congo. Stesheni iliyo juu ya 95 haipatikani kabisa. Radio Okapi ya Kinshasa kwenye 103,5, kwa mfano, haiwezi kusikika kwenye redio ya namna hiyo bila msaada.

Msaada wa bei ndogo upo. Ni kikopo kinachowekwa kati ya antena na redio ili kushusha mawimbi kwa hesabu moja isiyobadilika. Kikishusha kwa 14, stesheni ya 103,5 inasikika kwenye 89,5. Lakini namba inayotangazwa hewani hailingani tena na namba iliyo kwenye redio, na bado mawimbi yote ya 87,5 hadi 108 hayawezi kuingia katika nafasi ya 76 hadi 90. Shofere anabaki akitafuta stesheni kwa kubahatisha, na anatafuta huku anaendesha.

Tena kuna lugha. Maandishi ya redio hizo ni ya Kijapani, na nyingi hazina sehemu ya kuchagua Kifaransa. Zile zenye ramani zinaonyesha barabara za Tokyo na Osaka, ambazo hazimsaidii mtu anayetafuta njia ya Walungu. Zingine zinadai kadi ya kumbukumbu yenye ramani, na kadi hiyo ikipotea skrini inagoma na kubaki na onyo ambalo mwenye gari hawezi kulisoma.

Kwa mtu anayeendesha gari kati ya Uvira na Bukavu, au kati ya Komanda na Beni, redio si kitu cha kujifurahisha tu. Kupitia redio anajua kwamba daraja limekatika, kwamba udongo umeporomoka na kufunga njia, kwamba sehemu fulani haipitiki siku hiyo kwa sababu ya usalama. Gari lisilosikia stesheni za nchi linamwacha shofere gizani. Kwa hiyo anayebadilisha redio yake hafanyi anasa. Anatengeneza kitu ambacho kilikuwa kimeharibika tangu siku ya kwanza gari lilipovuka mpaka.

Simu iliyo mkononi

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Simu tayari iko kwenye mkono wa shofere. Mteja anapiga kuuliza gari limefika wapi. Mwenye gari anapiga kuuliza pesa za siku. Jamaa anatuma sauti kwenye WhatsApp. Mashofere wengi hushika simu kwa mkono mmoja na volan kwa mkono mwingine, na wakifika kwenye shimo wanakosa mkono wa kubadilisha vitesi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba shofere anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia. Shirika hilo linaongeza jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: kuzungumza bila kushika simu hakuondoi hatari kama wengi wanavyodhani, kwa sababu akili bado iko kwenye mazungumzo.

Mashariki mwa Congo, macho ya shofere tayari yana kazi kubwa kupita kiasi. Nchi inaendesha upande wa kuume wa barabara, lakini magari mengi yana volan upande huohuo wa kuume. Shofere wa gari la namna hiyo anapotaka kupita lori, hawezi kuona mbele mpaka gari lake liwe limeshatoka karibu lote upande wa pili. Mara nyingi anamtegemea abiria aliyekaa kushoto amwambie kama njia ni nyeupe. Ongeza pikipiki zinazopita kila upande, mashimo, watoto wanaotoka shule, mama wenye mizigo mgongoni. Hakuna sekunde ya kupoteza.

Kwa hiyo hesabu hii ndogo ni ya lazima. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu metre 33 katika sekunde mbili. Hata kwa kilometa 40, ni metre 22. Mwaka 2013, idara ya usalama wa barabara ya Marekani, NHTSA, iliwaomba watengenezaji wa magari wahakikishe kwamba kazi yoyote ya skrini haimlazimishi shofere kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, na zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Sekunde mbili ndio mpaka. Kusoma ujumbe mmoja wa WhatsApp unauvuka.

Kazi halisi ya CarPlay na Android Auto

Hapa ndipo skrini nzuri inaweza kusaidia. Apple ilitangaza CarPlay mwaka 2014, na mwaka huohuo Google ikatangaza Android Auto. Zote mbili zinatumia wazo moja. Simu ndiyo inafanya kazi ya akili, skrini ya gari inaonyesha tu. Simu inaunganishwa kwa waya wa USB, au bila waya ikiwa simu na redio zote zinaweza. Kisha skrini inaonyesha vitu vichache vilivyochaguliwa, kwa alama kubwa: ramani, kupiga simu, muziki, na ujumbe unaosomwa kwa sauti.

Jambo la maana zaidi ni yale ambayo mifumo hiyo inakataa. Gari likitembea, haitoi video. Ujumbe haufunguliwi ili usomwe kwa macho. Mambo mengi ya kuandika yanafungwa. Wateja wengine wanaona makatazo hayo kuwa kasoro, kumbe ndiyo sababu nzuri ya kununua kitu chenyewe.

Ndiyo maana ni lazima kutofautisha vitu viwili ambavyo sokoni huitwa kwa jina moja. Redio inayopokea Android Auto ni tofauti na redio inayoitwa «Android». Ile ya pili ni tableti kubwa iliyofungwa ndani ya gari, ya inchi 9 au 10, yenye programu zake, video zake na intaneti yake. Inaweza kuwa nzuri, lakini haina makatazo yale mpaka iwekwe vizuri. Tena nyingi za bei ndogo zina kumbukumbu ndogo na zinachelewa kufunguka. Anayenunua asome maneno kwenye karatoni, aombe kuona Android Auto au CarPlay ikifanya kazi na simu yake mwenyewe kabla ya kulipa.

Hata kitu kizuri hakimalizi hatari. Mwaka 2020, maabara ya TRL ya Uingereza ilipima mashofere kwenye mashine inayoiga uendeshaji. Waliogusa skrini ya CarPlay walichelewa kuitikia kwa asilimia 57 zaidi. Kwa Android Auto ilikuwa asilimia 53. Walipotumia sauti badala ya kidole, kuchelewa kulishuka hadi asilimia 36 na 30. Katika majaribio ya awali ya maabara hiyohiyo, kuandika ujumbe kulileta asilimia 35, na pombe ya kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa na sheria ya kule ilileta asilimia 12.

Namba hizo zinapaswa kubandikwa kwenye kila garaji. Kumbe kugusa skrini iliyokubaliwa na watengenezaji kunaweza kumchelewesha shofere kuliko bia aliyokunywa. Skrini inasaidia kwa sharti moja: njia iwekwe kwenye ramani gari likiwa limesimama, na kisha shofere aiguse kidogo iwezekanavyo. Anayetaka kutumia sauti achague Kifaransa mapema, maana Siri haielewi Kiswahili, na shofere anayebishana na simu isiyomwelewa amerudi palepale alipoanzia.

Waya wa breki ya mkono

Sasa waya wenyewe. Kila redio ya skrini inayoheshimu kanuni ina waya unaotakiwa kuunganishwa na breki ya mkono, au breki ya kuegesha kwa magari ambayo breki hiyo ni ya mguu. Kazi yake ni kuiambia redio kama gari limeegeshwa. Breki ikifungwa, video inaruhusiwa. Breki ikifunguliwa, picha inazimika na sauti inabaki.

Kuna ujanja unaojulikana. Fundi anachukua waya huo na kuufunga moja kwa moja kwenye chuma cha gari. Tangu hapo redio inaamini kwamba gari limeegeshwa siku zote, hata likiwa kwenye mteremko kwa kilometa 80. Kazi hiyo inachukua dakika moja na haihitaji kifaa chochote. Matokeo yake yanaonekana: Hiace imejaa watu, na mbele ya shofere kuna muziki wa video au mpira wa miguu.

Wanaotetea ujanja huo wana maneno yao. Wanasema abiria wanapenda video, na gari lisilo na video linakosa wateja. Hilo ni kweli kibiashara, na lina jibu rahisi: skrini ya abiria iwekwe nyuma ya viti vya mbele au juu ya dari, mahali ambapo shofere haioni. Wengine wanasema shofere mzoefu anaweza kutazama na kuendesha. Lakini metre 33 za sekunde mbili haziulizi mtu ana uzoefu wa miaka mingapi. Mtoto anayevuka hajui kwamba shofere ni mzoefu.

Kuna pia wanaosema kwamba tatizo la kweli ni barabara, na kwamba kuzungumza juu ya skrini wakati barabara ya taifa namba 2 au namba 5 zina sehemu zisizopitika ni kupoteza wakati. Barabara ni jukumu la serikali, na serikali iendelee kudaiwa. Lakini barabara mbaya haipunguzi hatari ya skrini. Inaiongeza, kwa sababu inadai macho yote mawili kila wakati. Tena kutengeneza barabara kunahitaji mamilioni ya dola na miaka. Kurudisha waya mahali pake kunahitaji dakika moja.

Nyaya nyingine zinazoua gari

Kazi mbaya ya umeme haiishii kwenye breki. Redio ya gari inapata umeme kwa nyaya mbili tofauti. Mmoja, kwa kawaida wa manjano, una umeme wa batri siku zote ili kulinda kumbukumbu. Mwingine, kwa kawaida mwekundu, unapata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Fundi asiyejua akiunganisha zote mbili pamoja kwenye batri, redio haizimiki kamwe. Asubuhi batri imekufa, mwenye gari anasukuma gari na kumlaumu aliyemuuzia batri.

Kibaya zaidi ni kukata nyaya za kiwanda na kuzifunga kwa plastiki, bila kuweka fyuzi, kile kipande kidogo kinachokatika umeme ukizidi. Waya ukichunika na kugusa chuma, unapata moto. Kuna njia safi: plagi ya kati inayoingia kwenye plagi ya Toyota upande mmoja na kwenye redio mpya upande wa pili, bila kukata kitu. Siku mwenye gari akitaka kuliuza, redio inatoka na nyaya za gari ziko nzima.

Vipimo pia vinahesabika. Nafasi ya redio kubwa ya kawaida ni milimeta 180 kwa 100. Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya milimeta 200 kwa 100. Redio ya 180 ikiingizwa humo inabaki na tundu la milimeta 10 kila upande, na kuna vipande maalumu vya kuziba. Fundi anayejaza karatasi ili redio isitikisike anampa mteja kelele, na kwenye barabara za huku redio hiyo itatoka yenyewe mapema.

Si kila gari linahitaji dola nyingi

Shofere wa teksi anayepaswa kumpa mwenye gari pesa kila jioni hawezi kuambiwa anunue redio ya bei kubwa ili awe mtu wa usalama. Hana haja nayo. Kishikio kigumu cha simu kilichowekwa chini ya usawa wa macho bila kuziba kioo cha mbele, pamoja na kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la AUX, kinafanya sehemu kubwa ya kazi. Gari likikosa AUX, kuna kile kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti ya simu kwa FM. Mwenye redio ya Japani akipange kati ya 87,5 na 90, ndipo redio yake itakisikia.

Ramani nayo haina lazima ya kula mega kila siku. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinatumia ramani ya OpenStreetMap, inayojazwa na watu wa kujitolea, Wakongomani wakiwemo. Mtu anapakua ramani mara moja mahali penye mtandao, kisha anaitumia hata pale ambapo Vodacom, Airtel na Orange hazifiki. Lakini ramani haijui barieri iliyowekwa jana usiku, wala daraja lililochukuliwa na mvua asubuhi. Kabla ya safari ndefu, kuuliza mashofere waliotoka upande ule bado ni bora kuliko skrini yoyote.

Jambo lingine linasahaulika. Simu ikiungana na gari, redio nyingi zinachukua majina na namba zote za simu na kuzihifadhi. Katika gari la kukodi, namba hizo zinabaki kwa mtu anayefuata. Kwenye barieri, ujumbe ukiingia unaweza kutokea jina la aliyeutuma mbele ya kila aliyesimama dirishani. Katika majimbo ambamo jina moja tu kwenye simu linaweza kumletea mtu maswali magumu, hilo si jambo dogo. Kabla ya kurudisha gari la kukodi au kuuza gari, simu ifutwe kwenye redio. Na maonyesho ya ujumbe kwenye skrini yazimwe.

Nani afanye nini

Kanuni ya barabara ya Congo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati huo simu ya mkononi haikuwepo nchini, wala skrini ndani ya gari. Lakini Congo ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, na mkataba huo, tangu marekebisho ya mwaka 2006, unadai kila nchi ikataze shofere kushika simu wakati gari linatembea, na unamtaka shofere apunguze shughuli yoyote isiyo ya kuendesha. Wabunge wana mahali pa kuanzia. Maneno mawili yangetosha: video mbele ya shofere ni marufuku gari likitembea, na mwenye kuvunja ulinzi wa breki ana hatia pamoja na aliyemwagiza.

Lakini sheria peke yake inaweza kuwa mlango mpya wa usumbufu. Kila mwenye gari anajua jinsi kosa jipya linavyogeuka haraka kuwa sababu ya kusimamishwa na kuombwa pesa njiani. Kwa hiyo ukaguzi huu usiwe kazi ya polisi wa rulaji kwenye kona. Uwekwe kwenye kontroli tekniki, kwa utaratibu ambao hauna ubishi wala haumpi mtu nafasi ya kukadiria: mkaguzi anafungua video gari likiwa limesimama, kisha anafungua breki ya mkono. Picha ikizimika, gari limepita. Ikiendelea, waya urudishwe mahali pake, na gari lirudi kukaguliwa bila kulipa mara ya pili.

Tume ya kuzuia ajali za barabarani, CNPR, ingeweza kulifundisha jambo hili pamoja na mikanda na kofia za pikipiki. Chama cha mashofere, ACCO, ambacho mara nyingi kinasikika wakati wa migomo na bei ya mafuta, kingeweza kuwa cha kwanza kuwakataza wanachama wake video ya mbele, kwa kuwa shofere ndiye anayekaa karibu zaidi na kioo siku ya ajali. INPP inafundisha vijana ufundi katika majimbo. Somo fupi la umeme wa redio na skrini lingewapa vijana hao kazi yenye wateja, na lingewaondolea wenye magari mafundi wa kubahatisha.

Mwenye gari, hata hivyo, hana haja ya kungoja Kinshasa. Yeye ndiye anayelipa, na fundi hufanya anachoombwa. Aombe CarPlay au Android Auto, aombe plagi ya kati bila kukata nyaya, aombe fyuzi. Na kabla ya kutoa pesa, akae kwenye kiti, afungue video, afungue breki ya mkono na kutazama. Skrini ikizimika, kazi imefanywa vizuri. Ikiendelea kuonyesha picha, asimlipe fundi mpaka airekebishe.

Abiria naye ana neno. Anayepanda Hiace na kuona muziki wa video ukicheza mbele ya shofere ana haki ya kusema, kwa heshima na kwa sauti inayosikika: «Papa shofere, zima picha, utuachie sauti tu.» Abiria kumi na wanne wakisema hivyo pamoja, hakuna shofere atakayeendelea kutazama.